Paa wa Mji wa Kale

Kipaumbele, kwa mtu anayejali maana ya maneno, ni kitu kimoja kinachotangulizwa mbele ya vyenzake. Jumuiya ya Hewa Njema ya Mji wa Kale ilikuwa navyo kumi na kimoja. Kulikuwa na mikoko, kasa, mifuko ya plastiki, moshi wa makaa, miarubaini, visima, na vingine ambavyo hata mwenyekiti alivikumbuka kwa kuhesabu vidole, vidole vikamwishia njiani. Wanachama wa kweli, wale wanaokuja mkutanoni hata siku isiyokuwa na sambusa, walikuwa wanne tu.

Bi Nana alikuwa mmoja wao, na ndiye aliyekuwa mkubwa wao kwa umri na kwa mdomo. Alijiunga siku ile Badawi, mwenyekiti, alipopita mtaani akihubiri kwamba tabia ya nchi imeharibika. Bi Nana alikubali papo hapo. Ilikuwa miaka ya tisini, na hakuna mtu Mombasa aliyehitaji kushawishiwa katika jambo hilo. Baada ya mikutano miwili mitatu ndipo alipogundua kwamba jamaa hawa wanazungumzia jua na mvua, si bei ya unga wala ahadi za waheshimiwa. Lakini tayari alikuwa amepewa kiti, na kiti chenyewe kilikuwa na mto, kwa hiyo akabaki.

Kisha ukaja mwaka wa tisini na sita, na Bi Nana akatambua kwamba jua lilikuwa jambo lake hasa.

Nyumba yake ilikuwa ya mawe, ya ghorofa, katika kichochoro chembamba nyuma ya msikiti. Chini alipangisha seremala wa masanduku, mtu wa vumbi na misumari. Juu alikaa mwenyewe, chini ya mabati. Zamani paa lilikuwa la makuti. Marehemu mumewe ndiye aliyeyaezua akapiga mabati, kwa sababu wakati ule mabati ndiyo yalikuwa maendeleo, na tangu hapo kila joto likizidi Bi Nana alimwombea rehema na kumlaumu katika dua moja. Mwezi wa tatu wa mwaka huo joto lilipita mpaka. Siku moja alianguka akitoka kutia udhu. Jirani aliyemwinua hakungoja hata kumpa maji ya pili, alikwenda moja kwa moja kumwambia mwanawe.

Mwanawe aliitwa Mzamil, muuza vitambaa pale Makadara, na alikuwa mwana mwema. Wema wake ndio uliokuwa balaa. Alikuwa na nyumba yake Kisauni, ng'ambo ya daraja, na huko akamtengenezea mamake chumba kizima chenye pangaboi, zulia na kitanda kipya. Habari za kulitengeneza paa hakutaka kuzisikia. Alikwisha kumleta fundi mara moja, fundi akatazama akatingisha kichwa, akasema mabati ya kichochoro kile yamepandana kama magamba ya samaki, huwezi kugusa la mmoja usiguse la jirani. Ama mtaa mzima, ama basi. Mzamil akamwambia mamake kwamba Jumamosi atakuja na mkokoteni kuchukua vitu.

Bi Nana alimjibu kwa mzaha, kama kawaida yake. Alisema majogoo ya Kisauni huwika kabla hayajajua saa. Alisema pangaboi litamnyoa. Alisema mkaza mwana wake hupika wali mzuri mno, na mtu akila wali mzuri kila siku huwa mvivu wa kusema. Mzamil alicheka mpaka akajifuta machozi, kisha akaenda kupatana na hamali wa mkokoteni.

Jambo ambalo Bi Nana hakumwambia ni kwamba alikuwa anaogopa. Si kuogopa kidogo. Alikuwa na hakika kwamba wakimtoa pale hatamaliza mwaka. Katika dirisha lile alimjua kila apitaye kwa kikohozi chake, alijua nani amenunua samaki na nani amenunua kichwa cha samaki, na asubuhi haikuwa asubuhi mpaka amekwisha kumtusi seremala na seremala amekwisha kumrudishia salamu. Kisauni angekuwa mgeni wa heshima. Angepewa chai, angefunikwa shuka, na asingekuwepo hata mtu mmoja wa kugombana naye. Alitamani kumwambia mwanawe hayo, lakini kila akifungua mdomo hutoka kichekesho.

Ndipo habari ilipofika kutoka Nairobi. Kulikuwa na shirika huko lililokuwa likisaidia jumuiya ndogo ndogo za mambo ya tabia ya nchi, nalo likapeleka salamu kwamba litasaidia jambo moja tu kwa kila jumuiya. Wachague kimoja, wapige simu kukitaja. Wakubwa wakipendezwa, afisa atakuja Jumamosi kukiona kwa macho.

Bi Nana alipolisikia neno Jumamosi aliinuka akauacha mto wake, jambo ambalo liliwatisha wenzake. Kisha akamwendea Mzamil dukani na kumwekea sharti: shirika likikubali kuyatia mabati ya mtaa ule chokaa nyeupe na kuyatoboa matundu ya hewa, yeye haendi popote. Mzamil alikubali upesi sana. Alikwisha kuwaona watu wa Hewa Njema wakijadili mahali pa kuweka pipa la taka, wakajadili mpaka pipa likaibwa. Alijua hawatakubaliana.

Bi Nana naye aliwajua wenzake. Badawi alitaka mikoko, kwa sababu mikoko haitazamwi ila kwa mashua, na Badawi, aliyestaafu ukarani bandarini bila kupanda chombo hata siku moja, alitamani sana kwenda kwa mashua akiwa amevaa kofia. Mejumaa, mkaanga viazi karai wa Bondeni, alitaka majiko yasiyotoa moshi, na haikuwa siri kwamba la kwanza lingewashwa kwake. Charo, katibu, alikuwa mtunza bustani katika nyumba za Buxton, na uani kwake kulikuwa na miche ya miarubaini katika makopo ya maziwa, imejipanga inangoja kuhamia mjini. Kila mmoja alikuwa na sababu yake ya kuiokoa dunia, na kila sababu ilianzia mlangoni pake. Bi Nana hakuwalaumu. Yake ilianzia kichwani pake.

Akawaalika mkutano nyumbani kwake, juu, baada ya sala ya adhuhuri.

Walipofika walikuta madirisha yamefungwa. Bi Nana akaeleza kwamba seremala ana vumbi leo. Wakakaribishwa uji wa pilipili manga, wa moto, na baada ya uji kahawa ya tangawizi. Yeye mwenyewe aliketi mlangoni pa ngazi, mahali ambapo upepo mwembamba hupanda kutoka chini, na akajipepea kwa kipepeo chake taratibu. Badawi akaanza na mikoko. Alisema sentensi tatu nzuri, ya nne ikamfia. Mejumaa akamkata kauli kwa habari za moshi, akalegeza buibui, akasahau alikuwa anasema nini. Charo akaomba maji, akapewa kahawa. Mabati yalikuwa yakilia juu ya vichwa vyao, tak, tak, kama mtu anayetembea na viatu vya chuma, na kila yakilia Badawi alitazama juu akakunja shingo.

Hatimaye Badawi alivua kofia. Wenzake walikuwa hawajapata kukiona kichwa chake. Akauliza kwa sauti ndogo, "Bi Nana, hapa walala vipi?"

"Silali," alisema Bi Nana. "Hugeuzwa, kama mkate wa mofa."

Kura ilipigwa kabla ya kikombe cha pili. Mikoko, majiko na miarubaini viliwekwa kando kwa heshima zote, na Jumuiya ya Hewa Njema, kwa mara ya kwanza tangu kuzaliwa kwake, ikawa na kipaumbele kimoja: paa. Wajumbe waliteremka ngazi kwa haraka ambayo haikuwa na adabu.

Hapo ndipo Bi Nana angetakiwa kunyamaza. Lakini Bi Nana ni mtu wa Mvita, na watu wa Mvita wana ugonjwa wao, ule wa kutoweza kuliacha neno litoke mlangoni bila kulichana nywele. Alimwita Charo, ambaye ndiye angepiga simu, akamkalisha kwenye ngazi ya chini.

Akamwambia kuna paa na kuna p'aa. La nyumba hutoka kavu, mdomo umetulia. La mnyama, yule mdogo wa porini mwenye miguu ya vijiti, hutoka na pumzi. Ukiweka kiganja mbele ya mdomo, moja hukipuliza kiganja na jingine halikipulizi. Charo akaweka kiganja. Akasema, akasahihishwa. Akasema tena, akaambiwa huyo ni mnyama. Akasema tena, akaambiwa huyo si mnyama wala si nyumba. Charo alikuwa Mgiriama wa Kaloleni na tofauti hiyo aliijua tangu titi la mamake, lakini hakuna mtu anayeweza kusema jina lake mwenyewe sawasawa akiwa anasimamiwa na Bi Nana. Alipoachiwa alikwenda zake akinong'ona njia nzima, kiganja mdomoni, na watu wa Makadara walimpisha wakidhani anaumwa jino.

Akafika kwenye kibanda cha simu. Upande wa pili aliitika mwanamke, Purity jina lake, na kwa bahati, au kwa kukosa bahati, huyu Purity naye alikuwa mtu wa pwani, mzaliwa wa Rabai, anayefanya kazi Nairobi. Charo akataja kipaumbele. Mtu wa bara angeandika alichosikia akaenda kunywa chai. Purity akauliza, kwa furaha ya mtu aliyekutana na lugha ya kwao, je, ni lile la pumzi au lile lisilo na pumzi?

Charo akasita. Sarafu zilikuwa zinakwisha. Akajitahidi kukumbuka darasa, darasa likakataa kurudi, kwa hiyo akatumia akili. Jumuiya yao ni ya hewa. Nyumba za Mji wa Kale hazina hewa. Kinachotakiwa ni nyumba zipate pumzi. Basi la nyumba ni lipi?

Akasema, "La pumzi." Na ili pasiwe na shaka yoyote, akalitamka mara moja zaidi kwa nguvu zote za kifua, mpaka mkono wa simu ukaloa. Simu ikakatika. Aliporudi alimwambia Bi Nana kwamba ujumbe umefika, na kwamba Nairobi kuna binti mmoja anayejua Kiswahili vizuri sana. Bi Nana alifurahi mpaka akampa halwa.

Siku mbili baadaye Nairobi walimpigia Badawi kwa simu ya jirani yake. Jambo lao limependeza mno, afisa anakuja Jumamosi.

Jumamosi asubuhi kichochoro kilijaa kabla ya jua kukifikia. Mzamil alifika na hamali na mkokoteni, kwa sababu ahadi ni ahadi na afisa alikuwa bado hajaonekana. Sanduku kubwa la Bi Nana, lile la mkaja wake wa uzazi na nguo zake zote, lilikwisha teremshwa na kuwekwa juu ya mkokoteni. Bi Nana alikuwa amekaa kizingitini akimwambia hamali kwamba hata punda hupewa pole. Wanajumuiya walisimama karibu naye wamevaa vizuri. Seremala aliacha kazi akaegemea mlango, maana hili lilikuwa bora kuliko kazi.

Purity akatokea pembeni mwa kichochoro na Charo akimwongoza. Alikuwa mwanamke wa miaka thelathini na kitu, viatu vya kutembelea msituni, kofia ya majani, na shingoni darubini. Bi Nana aliitazama ile darubini. Mapaa ya mtaa ule huhitaji ngazi. Hayahitaji darubini.

Purity aliamkia wakubwa kama alivyofunzwa kwao, akaulizwa ya nyumbani, akajibu njema, akaulizwa ya safari, akajibu njema. Kisha akashindwa kujizuia. Aliwaeleza kwamba wakubwa wake wamefurahi kupita kiasi. Jumuiya zote za pwani, kutoka Vanga mpaka Kiunga, zimechagua mikoko. Mikoko, mikoko, mikoko, mpaka wamechoka. Hapo Badawi aliinamisha kichwa. Hawa wa Mji wa Kale peke yao ndio waliochagua kiumbe. Wakubwa walipitisha siku ile ile, msaada wa miaka mitatu, wa kupoza na kulinda makazi yake.

"Kiumbe gani?" aliuliza Bi Nana, ingawa alikwisha jua.

"P'aa," alisema Purity, na pumzi yake ikapeperusha ncha ya leso ya Mejumaa.

Bi Nana alimgeukia Charo polepole. Charo alikuwa anatazama viatu vyake. Akaeleza, kwa maneno machache na kwa sauti ya mtu aliye chini ya kisima, habari ya nyumba na hewa na pumzi. Ilikuwa hoja nzuri. Hata Bi Nana aliona kwamba ilikuwa nzuri, na hilo likamuudhi zaidi, kwa sababu alijua ni nani aliyekivuruga kichwa cha watu. Charo angeachwa aende na ulimi wake wa kwao, leo hii wangekuwa wanakoroga chokaa.

Badawi alimvuta Bi Nana kando akamnong'oneza kwamba jirani, Bi Zuwena, ana mbuzi mwembamba, rangi ya hudhurungi, na kwamba kwa mbali, katika kivuli, na mgeni akiwa hajazoea... Bi Nana alimwambia anyamaze. Alikuwa amewahi kudanganya watu kwa uji na madirisha, na angewadanganya tena kesho, lakini kwa mbuzi wa Bi Zuwena hakuweza kujishusha.

Akamwambia Purity kweli. Akasema, "Mwanangu, hapa hapana mnyama. Tulisema paa, la nyumba. Lile kavu. Hilo hapo juu lenye kutu, lanitoa roho."

Purity aliketi kwenye kizingiti cha seremala bila kuangalia vumbi. Kwanza hawakuelewa kwa nini hali imekuwa mbaya kiasi hicho. Kisha akasema, na ikabidi aseme mara mbili. Wenzake wote ofisini walisema ni la nyumba. Mmoja baada ya mmoja, watu wa bara, walisema bila shaka ni mapaa, Mji wa Kale kuna nyumba nyingi. Yeye akawacheka. Akawaweka mstari, akawafundisha kuweka kiganja mbele ya mdomo, mkurugenzi pia, akawaambia kwamba mtu wa pwani hawezi kukosea pumzi. Sasa hawezi kurudi kuwaambia kwamba amekosea pumzi. Bi Nana alimsikiliza na kwa mara ya kwanza siku ile akampenda.

Mzamil alikuwa amesikia yote, na alikuwa anacheka. Hakucheka kwa ubaya. Hakuwa na ubaya mwilini. Alisema hii imepita pipa la taka, hii itasimuliwa mpaka kiama. Kisha akajifuta macho, akasema basi, mama, jua lapanda, tuondoke kabla daraja halijajaa magari. Hamali akashika mipini ya mkokoteni. Sanduku likatikisika, na kufuli yake ikagonga mbao.

Bi Nana aliisikia sauti hiyo ya kufuli. Alitafuta kichekesho akakikosa. Akamtazama yule binti wa Rabai aliyekaa kwenye vumbi, darubini mapajani.

"Ulikuja na masuala," alisema. "Wakubwa wako hawakukuleta kote huku bila masuala ya kuuliza."

Purity akasema ndiyo, yapo, lakini ni ya mnyama.

"Uliza."

"Bi Nana, ni ya mnyama."

"Nami nakwambia uliza. Nitazame mato nikikujibu."

Purity alimtazama. Kisha akanyanyuka, akajipangusa, akatoa kalamu. Akauliza, kwa sauti ya kiofisi, wapo wangapi.

"Mmoja."

"Dume ama jike?"

"Jike. Mzee. Meno yamsalia machache, lakini yuang'ata."

Seremala akacheka puani. Mejumaa akaziba mdomo kwa leso. Purity aliandika, na akiandika uso wake ulianza kubadilika, kama mtu anayeonja mchuzi na kugundua kwamba bado unaweza kuokolewa. Akasema, nusu akijiambia mwenyewe, kwamba wakubwa wamepitisha kupoza makazi ya paa. Hawakusema awe na miguu mingapi.

Akauliza makazi yake ni wapi. Bi Nana akaonyesha juu. Akauliza hula nini. Bi Nana akasema hula chochote, ila wali mzuri wa kila siku humvimbisha. Akauliza anatishiwa na nini, na Bi Nana akajibu kwamba ni vitu viwili, joto na mwanawe. Watu wakacheka wote sasa, na Mzamil alicheka kuliko wote, mkono mmoja ukiwa bado juu ya sanduku.

Purity aligeuza ukurasa. "Aweza kuhamishwa? Kupelekwa makazi mengine yaliyo salama zaidi?"

Bi Nana alifungua mdomo, na wote walimwona akifungua, na wote walikuwa tayari kucheka.

"Aweza," alisema. "Makazi yapo, na ni mazuri. Kitanda kipya, zulia. Na huyo mwenye kumhamisha yuampenda kwa moyo wake wote, hilo ukaliandike." Akalitazama sanduku. "Lakini hatoishi. Huku akiamka hujua kwamba yeye ni nani, kwa sababu kuna watu ndiani chini ya dirisha lake wa kumwambia. Kule ataamka awe mama wa fulani, amekaa, angoja chakula. Yuaogopa. Kila siku yuaogopa, na kila akitaka kumwambia mwanawe humtoka mzaha."

Hakuna aliyecheka. Hamali, ambaye hakuwa wa mtaa ule na hakujua habari yenyewe ilianzia wapi, aliiachia mipini ya mkokoteni ikashuka chini taratibu.

Purity hakuandika. Aliikaza kalamu juu ya karatasi na kuuliza suala la mwisho bila kuinua kichwa: watu wanaoishi karibu na mnyama huyu, wao wanasemaje? Watakubali abaki?

Badawi alimtazama Mejumaa, Mejumaa akamtazama Charo, na Charo, aliyekuwa hajathubutu kumtazama mtu tangu asubuhi, akamtazama Mzamil. Mzamil alikuwa anatazama mkono wake mwenyewe uliokuwa juu ya sanduku. Uso wake ulikuwa umelowa, lakini mara hii hakuwa akicheka. Akamwambia hamali ashike upande ule mwingine. Hamali akauliza walipeleke wapi.

"Juu," alisema Mzamil. Wakalinyanyua. Alipofika mlangoni, uzito ukiwa umemwinamisha, alisimama mbele ya mamake. "Afisa," alisema, bila kuyaondoa macho yake kwa mamake, "andika hawakujua. Andika hakuna aliyewaambia."

Bi Nana akasogeza miguu yake wapite.